Kitanda cha Bembea Bado Kiko Sakafuni

Mpendwa Bi Eulalie,

Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana nakusoma kila Alhamisi na najua ukishaanza kugombeza husimami, na pia naomba usitaje jina langu gazetini, ingawa mtu yeyote wa Pelham aliyepita mbele ya nyumba yetu tangu Aprili atajua ni mimi, kwa sababu hakuna nyumba nyingine ya shemasi kisiwani hapa yenye kitanda kizima kimekaa barazani juu ya makreti mawili ya samaki. Swali langu lenyewe ni dogo. Kitanda cha bembea kining'inizwe kwa minyororo au kwa kamba? Lakini nikikuuliza hivyo tu utanijibu kwa mstari mmoja na mimi nitabaki na mzigo wangu, kwa hiyo acha nieleze.

Mume wangu, Hezekiah, alikuwa mtu wa daraja, lile la chuma linalozungushwa kupisha mashua, na maisha yake yote ya kazi alikuwa zamu ya usiku kwa sababu wenzake hawakuitaka na yeye hapendi kubishana na watu. Anaondoka jua linazama na chupa yake ya kahawa na karanga za kuchemsha, anarudi alfajiri mimi ndiyo kwanza naamka kwenda kazini jikoni mwa shule, ananiuliza kama nimelala salama, namwambia salama, naye anaingia kitandani palepale nilipotoka mimi. Tumeishi hivyo miaka yote, na watoto tukapata, usiniulize, mchana wa Jumapili ulikuwa wa mapumziko kwetu sote wawili. Watu walikuwa wakinihurumia, maskini mke wa mtu wa daraja, nami naitikia kwa ule unyonge unaotakiwa. Ukweli, Bi Eulalie, na hili sijawahi kumwambia mtu, ni kwamba sikuwa na dhiki yoyote. Nililala katikati ya kitanda. Nilizoea usiku kuwa wangu.

Sasa mwaka jana daraja likawekewa mitambo ya kujiendesha, Hezekiah akaagwa kwa keki na saa ya ukutani, akarudi nyumbani kulala usiku kama watu wengine. Nilifurahi, usinielewe vibaya, nilibadilisha hata mashuka. Kumbe sikuwahi kumsikia akilala. Anakoroma kama mtu anayeburuta mtumbwi juu ya makombe ya chaza, halafu ghafla anakata, kimya kabisa, kimya mpaka mimi mwenyewe naacha kupumua nikimsubiri, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini na kuanza upya. Nikimgusa anageuka upande wa pili na kuburuta mtumbwi kwa huko. Sijapata usingizi wa maana tangu ile keki iishe. Shuleni nimeweka chumvi mara mbili kwenye sufuria moja ya uji wa mahindi, na watoto wakaula, lakini walinitazama.

Ndipo nikapata wazo la kitanda cha bembea, kama vile walivyokuwa navyo watu wa zamani kwenye mabaraza yao kabla ya feni, ukalala nje na upepo wa kijito ukakubembeleza. Nikamwagiza fundi wa kule ng'ambo ya daraja, akakitengeneza vizuri sana kwa mbao za mvinje wa majini, zisizooza upesi, nikanunua na godoro nene la watu wawili maana napenda kujinyoosha. Hezekiah nilimwambia ni kwa ajili ya upepo na mgongo wangu. Sikusema habari ya kukoroma. Mwanaume ukimwambia anakoroma anakwambia na wewe unakoroma, basi mnakuwa na kesi mbili. Akasema sawa. Alisaidia hata kukishusha kwenye gari.

Kiangazi kizima, Bi Eulalie, kitanda hakikupanda hata inchi moja.

Kwanza alisema minyororo italiwa na chumvi ya hewa. Nikasema basi kamba. Akasema kamba itaoza kwa unyevu, na ikikosa kuoza itatafunwa na kindi. Nikamwita binamu yake Lemuel, mwenye mashua ya uduvi, ambaye ukimpa kamba na sababu anaweza kukufungia hata nyumba isiende na kimbunga, akaja na kamba yake ya mashua, akaonyesha mafundo pale barazani mpaka jagi la chai baridi likaisha. Hezekiah akatazama kila fundo, akauliza maswali mazuri, akamshukuru, akasema sasa ndiyo amevutiwa na minyororo. Lemuel aliniambia pembeni kwamba shemasi wangu amezungusha daraja mpaka na yeye mwenyewe amejifunza kuzunguka.

Halafu ikaja hoja ya kitanda kitazame wapi. Tukikilaza kwa urefu wa baraza, miguu yangu itaelekea mashariki, na ndugu zetu wote makaburini pale nyuma ya kanisa wamelala miguu mashariki, kwa hiyo yeye hawezi kumlaza mke wake hivyo angali mzima. Nikasema basi nitageuza kichwa. Akasema hapo nitaamka kila siku natazamana na kibanda cha mbwa wa jirani. Tukikikingamisha, kitaziba mlango. Nikamuuliza kama kuna upande wowote wa dunia unaomridhisha, akasema anaendelea kufikiri.

Halafu ikaja dari. Dari yetu ni ya buluu kama za watu wote hapa, na aliipaka marehemu mama mkwe wangu, Bi Rosetta, kwa mkono wake mwenyewe akiwa juu ya meza, ili vizuka wakija wadhani ni maji wasithubutu kuvuka. Hezekiah anasema kuitoboa ni sawa na kuwafungulia mlango. Huyu mtu ni shemasi, Bi Eulalie. Juzijuzi tu alifundisha somo zima kanisani kwamba habari za vizuka ni upuuzi wa wazee. Lakini sikuweza kumcheka, maana na mimi nikiitazama ile buluu sipendi kuwa mtu wa kwanza kuichokoa.

Na hapo katikati watu wanapita. Unajua mambo ya baraza la mbele, ukikaa pale umeshaikaribisha dunia, lazima uinue mkono kwa kila gari, na kila mwenye miguu atasimama. Sasa wote wananiuliza kitanda kinaendeleaje, kwa sauti ileile wanayoulizia wagonjwa. Baraza la nyuma halina upepo, na ndiko iliko mashine ya kufulia, kwa hiyo usinishauri la nyuma.

Kitu kingine sijui kama kina maana. Kuna siku, mwezi wa saba, tulisimama pale wawili, yeye anapima kwa futi yake na mimi nimeshika ncha ya pili, nikaona leo kweli anafunga. Akakitazama kitanda, akaniuliza, "Na mimi nitakaa wapi?" Nikamwambia, "Kiti chako si kile pale?" Akakitazama kiti. Akakunja futi, akaingia ndani, na wiki nzima hakuzungumzia kitanda, nikashukuru kwa kupumzika na hoja.

Mwisho uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia kama Jumapili ya Marejeo itafika kitanda kingali sakafuni, mimi nakwenda Savannah kwa dada yangu Inez na sijui nitarudi lini. Unajua siku ile, watu wote waliohamia New York na Philadelphia wanarudi kanisani, na baada ya ibada nyumba yetu ndiyo ya kulia chakula. Sikutaka mabinti wa mjini waone kitanda juu ya makreti ya samaki. Jumamosi nikaenda kanisani kupika, na niliporudi kitanda kilikuwa hewani. Bi Eulalie, machozi yalinitoka. Sikuangalia kimefungwaje.

Kilifungwa hivi. Ili asiguse buluu ya mama yake, alifunga minyororo miwili ya mbele kwenye ule mhimili wa juu ya nguzo, na miwili ya nyuma akaikaza kwa skrubu kwenye mbao za ukuta wa nyumba. Jumapili baada ya ibada, Mama Mchungaji akaja na sahani yake ya wali mwekundu, akasema lazima akibariki kitanda kilichosubiriwa namna hii, akakaa. Kikastahimili. Nikakaa na mimi. Ukuta ukatoa mlio kama mtu anayesafisha koo, mbao mbili zikachomoka, na sisi tukarudi kinyumenyume polepole kabisa mpaka vichwa vikagusa ukuta na miguu ikatazama dari ya Bi Rosetta, mbele ya watu waliotoka Philadelphia. Kofia ya Mama Mchungaji ilibaki kichwani, lakini ilikuwa imegeuka. Wali sikuuona tena. Mama Mchungaji akiwa vilevile, miguu juu, akasema kwa upole, "Shemasi, hii uliifunga au uliiombea?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Hezekiah hakucheka. Alituinua, akamfuta Mama Mchungaji wali mabegani, akanitazama, akasema, "Labda ni ishara." Ishara! Nikaingia chumbani nikafunga sanduku. Liko pale mlangoni mpaka sasa ninapokuandikia, kitanda kimerudi juu ya makreti, na sisi tunapitana humo ndani kama wageni wa hoteli. Inez ameshatandika chumba. Mimi simchukii mume wangu, Bi Eulalie, nampenda, lakini nimechoka, na mtu aliyechoka namna hii hajui tena kama anaondoka kwa hasira au kwa usingizi.

Niambie basi, minyororo au kamba? Na niondoke au nibaki?

Ni mimi,
Mke wa Mtu wa Daraja


BI EULALIE ANAJIBU:

Mke wa Mtu wa Daraja,

Hukutaka nitaje jina lako na sijalitaja. La mumeo umelitaja mwenyewe kila ulipopata nafasi, la marehemu mkweo pia, la mwenye mashua pia, kwa hiyo siri yako imebaki kati yangu, wewe na kaunti nzima. Pole kwa kuanguka. Mama Mchungaji nimeongea naye, hana neno, ila anaulizia sahani yake.

Nianze na swali uliloniuliza, halafu nije kwenye lile ulilolizunguka.

Kamba. Lemuel yuko sahihi, na msimwambie nimesema, maana hataacha kulirudia. Siyo kamba ya pamba wala ya katani, hizo zinaoza kweli. Chukueni ile kamba nene ya kufungia mashua, isiyovutika, inayokaa kwenye maji ya chumvi mwaka mzima bila kulalamika. Kindi waacheni watafune nyumba ya jirani. Minyororo iliyopakwa dawa ya kutu inafaa vilevile, lakini inabana vidole na inalia, na kelele nyumbani kwako zinatosha. Kila pembe ya kitanda iwe na kamba yake peke yake. Anayetaka kuunganisha mbili mbili ili kubana matumizi, mnyime chai.

Mnafunga kwenye boriti. Siyo mbao za dari, siyo ukuta. Boriti zenyewe, zile zinazobeba paa, mnazitafuta kwa kugonga na kusikiliza mpaka mlio uwe mzito. Ubao wa ukuta kazi yake ni kuzuia mvua, haukuajiriwa kumbeba Mama Mchungaji. Mnapitisha boriti hadi boriti kipande cha mbao nene, mnakaza pete ndefu za chuma kisawasawa, ndipo mnaning'iniza. Kimo kiwe cha magoti yako, uweze kukaa bila kuruka na kuinuka bila kuitwa watu. Nyuma muache nafasi ya mkono ulionyooshwa, la sivyo mtapiga ukuta kila upepo ukija. Na kabla mtu hajakaa, Lemuel na mumeo wajilaze wote wawili kwanza na wajitikise. Wakianguka wao hakuna atakayeshangaa.

Kukikingamisha kunaziba mlango iwapo kitakaa katikati. Kikingamisheni kule mwisho, upande wa mfereji wa mvua, na mtakuwa mmemaliza mashariki, magharibi na mbwa kwa mpigo mmoja. Hilo limenichukua muda mfupi kuliko kumenya bamia moja. Mumeo limemchukua kiangazi kizima, na tutafika huko.

Dari toboeni. Bi Rosetta nilikaa naye benchi moja shule ya Jumapili na ninamfahamu kuliko nyinyi. Yule mwanamke alikuwa anaogopa vizuka, ni kweli, lakini alikuwa anaogopa zaidi kuchekwa na watu wa Philadelphia. Toboa, kaza pete, halafu paka buluu ileile kuzunguka kila tundu na juu ya pete zenyewe kabla jua halijazama. Kama kopo lake halipo, bandua kigamba kimoja pembeni ukalinganishe dukani. Kizuka atakayepita kwenye tundu lililojaa chuma na kupakwa rangi mara mbili, huyo ana shida zake nyingine.

Sasa njoo hapa tuzungumze.

Mwanaume aliyekuwa akizungusha daraja zima la chuma huku anamenya karanga hawezi kushindwa na pete nne. Hakushindwa. Hakutaka. Tena hakuwa na ujasiri wa kusema hakutaka, akawa anatafuta sababu, moja ikiisha anaokota nyingine, mpaka akafika kwenye vizuka ambao yeye mwenyewe amewahubiria wasiwepo. Wewe ukaona uvivu. Lemuel akaona kuzunguka. Mimi nimesoma barua yako mara mbili na ninakwambia mumeo ameogopa, na siyo vizuka anaowaogopa.

Alikuuliza atakaa wapi. Ukamwonyesha kiti.

Mwenzangu, nilipofika hapo niliweka barua yako mezani nikatoka nje kumwagilia bustani iliyokuwa imeshamwagiliwa. Hukuona? Yule hakuwa anakuuliza habari za viti. Miaka yote ya ndoa yenu mtu huyu amelala mchana, peke yake, na mapazia yamefungwa, mahali ulipokuwa umelala wewe, pangali na joto lako, na hicho ndicho alichokuwa nacho cha mke wake usiku. Hakulalamika. Wenzake wote waliokuwa zamu ya mchana wanalala na wake zao, yeye anapisha mashua. Akawa anasubiri kustaafu kama mtoto anavyosubiri Krismasi, na alipofika hatimaye, wewe ukamwagiza fundi kitanda kingine. Inauma. Mimi nimekaa mjane muda mrefu na sikudhani kitanda cha mtu mwingine kingeniuma, na kimeniuma.

Usianze kulia bado, sijamaliza, na sehemu inayofuata ni ya kukutetea. Kutaka kulala si kosa. Kuzoea usiku wako si kosa. Nikichapisha barua zote za wake wanaoniambia hivyo hivyo, gazeti hili halitakuwa na nafasi ya matangazo ya misiba. Wewe hukumkosea mumeo ulipochoka. Ulimkosea uliposema ni upepo na mgongo. Alijua si mgongo. Mtu akijua hajaambiwa ukweli anautunga mwenyewe, na ule anaoutunga siku zote ni mbaya kuliko wako. Wako ulikuwa kwamba anakoroma. Wake ni kwamba humtaki.

Na wewe Hezekiah, najua unasoma, kwa sababu gazeti linaletwa nyumbani kwenu na wewe ndiye mwenye muda. Ile haikuwa ishara. Ile ilikuwa skrubu fupi. Umemfanya mke wako atazame dari kwa miguu mbele ya kanisa zima kwa sababu ulishindwa kumwambia maneno manne, nataka kulala na wewe. Shemasi mzima, unaomba hadharani dakika nyingi mpaka wali unapoa, na nyumbani unaongea na futi. Aibu.

Sasa mtafanya hivi, na sitaki barua nyingine ya kuniambia mnaendelea kufikiri.

La kwanza ni daktari, wiki hii, kabla ya kamba, kabla ya rangi, kabla ya kitu chochote. Kukoroma ni kero, tena wanawake wa kaunti hii wameivumilia kero hiyo tangu kabla ya daraja. Lakini kukoroma kisha kukata pumzi, halafu kushtuka kama mtu aliyeibuka majini, hiyo si kero, ni ugonjwa, na una matibabu. Umeniandikia hilo katikati ya habari za uji kana kwamba ni jambo dogo. Wewe ndiye mtu pekee duniani unayelisikia. Ukienda Savannah leo, nani atakuwa macho pale pumzi inapokata? Usimwache alale peke yake mpaka aonwe. Mpeleke mwenyewe, kaa naye ndani kwa daktari, na ueleze wewe, kwa sababu yeye atasema analala vizuri, na kwa kadiri anavyojua anasema kweli.

La pili, mwambie ukweli kuhusu kitanda, wote, pamoja na ile ya kulala katikati. Mwambie mchana, mkiwa mnafanya kitu kwa mikono, kumenya uduvi au kukunja nguo, maana mumeo ni wa aina ile ambayo ukiikalisha na kuitazama usoni inaanza kutafuta boriti. Mwambie hujui kulala na mtu. Ni kweli, hukupata nafasi ya kujifunza. Na yeye hajui. Nyinyi ni maharusi wazee, na maharusi wote huwa wanapigana viwiko mwanzoni, ila wao wana umri wa kustahimili.

La tatu, ulinunua godoro la watu wawili. Unasema ni la kujinyoosha. Sawa, nitajifanya nimekuamini. Upande mmoja ni wake kila siku baada ya chakula cha mchana, saa tisa hivi, upepo wa kijito unapoanza, kwa muda atakaotaka. Usiku mtaugawa baada ya daktari kusema, ndani siku nyingine, nje siku nyingine, pamoja mkiweza na mbalimbali mkishindwa, lakini mtaugawa kwa kuambiana. Akiuliza tena atakaa wapi, usimwonyeshe kitu chochote. Sogea.

Watu watasema. Watasema mke wa shemasi amehama chumbani, halafu watapita saa tisa mchana wawaone mmelala wote wawili hapo mbele ya barabara midomo wazi, na hawatajua washike habari ipi. Wakiwainulia mkono, itikieni kwa mguu. Kijiji hiki kimeshaviona visigino vyako, heshima gani nyingine unayoilinda?

Umeuliza uondoke au ubaki. Inez mpigie simu, mwambie atandue chumba, mtakwenda kumtembelea wawili mwezi ujao. Kisha fungua lile sanduku. Lifungue leo, kabla ya chakula cha jioni, na ulifungue yeye akiwa anakuona, nguo moja moja, kila moja uirudishe kabatini mahali pake. Usimweleze unafanya nini, macho anayo. Likiwa tupu, lisukume chini ya kitanda cha ndani, upande wake, halafu mwambie, mkitoka kwa daktari, akalete ngazi.